Ukihama au kadi ikipotea: linda rekodi ya chanjo ya mtoto

Kadi ya kliniki husafiri na mtoto, lakini rejista hubaki kituoni. Kadi ikipotea, muuguzi wa kituo kipya hawezi kujua mtoto amepata chanjo zipi. Kovu la chanjo ya kifua kikuu huonekana begani, ila matone ya polio na sindano ya surua haviachi alama.

Huku kwetu Mtwara familia nyingi huhama kwa msimu: kuvuna korosho, kulima mpunga bonde la Ruvuma, au baba anapokwenda dago. Mara nyingi mtoto huachwa kwa bibi, na kadi husahaulika kwa mama.

Kabla ya kuhama
- Pitia kliniki, mwambie muuguzi unakokwenda na uulize tarehe ya chanjo inayofuata.
- Piga picha kadi, pande zote mbili. Rudia kila baada ya kliniki, kwani picha ya zamani haina dozi mpya.
- Ifunge kadi kwenye mfuko wa nailoni. Anayebaki na mtoto ndiye abaki na kadi.

Kadi ikipotea au kulowa
- Rudi kituo ulichoandikisha mtoto. Tarehe za kadi mpya zitolewe kwenye rejista, si kwa kukumbuka.
- Kama kituo kiko mbali, nenda cha karibu. Taja jina la mtoto kama lilivyoandikwa mwanzo, tarehe ya kuzaliwa na kituo cha awali, ili waulizie.
- Namba ya kadi ya zamani iandikwe kwenye mpya.
- Usiitupe kadi iliyochanika. Zibane pamoja.

Usiseme "kamaliza zote" kama huna hakika
Wapo akina mama wanaosema hivyo kwa kuogopa kugombezwa. Anayeumia ni mtoto. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zikikamilika, bado kuna ya surua-rubela akiwa na miezi 9, na nyingine akiwa na miezi 18. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na anaonekana mzima.

Rekodi isipopatikana kabisa, muuguzi atapanga chanjo za kuanza upya kulingana na umri. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto. Kuikosa ndiko hatari.

Mama, bibi, usibaki nyumbani kwa sababu huna kadi. Njoo na mtoto, kadi tutaitafuta pamoja.