Mkataba Uliowafanya Wamaasai Wageni Kwao

Agosti 10 ni kumbukumbu ya Mkataba wa Wamaasai wa 1904. Kuanzia Kitengela hadi Mashuuru, hapa Kajiado, nyasi zinapozidi kupisha nyaya na mabango ya ploti, siku hiyo haifai kupita kimya, kwa kuwa inatuonyesha himaya ni nini.

Anayeuliza ni nini kinachoifanya dola iitwe himaya hana haja ya kwenda Roma. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni ulinzi. Waingereza nao, mwaka 1895, walitangaza kwamba wanailinda nchi hii. Kwenye reli, mashariki ya Mashuuru, kuna kituo cha Sultan Hamud, jina la mtawala wa Zanzibar ambaye Waingereza hao hao walimkalisha kitini baada ya kulipiga kasri kwa mizinga mwaka 1896. Himaya haitawali wote kwa namna moja: huku sultani, kule laiboni (kiongozi wa kiroho wa Wamaasai), kwingine gavana, na uzi mmoja unavutwa kutoka London.

Mwaka 1904 Laiboni Olonana na wazee wenzake walikubaliana na Waingereza kwamba Wamaasai watoke Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia, wengine wabaki huku kusini. Waliahidiwa kuwa makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka 7. Walowezi waliitaka Laikipia pia, ukaja mkataba wa 1911 wa kuwatoa huko na kuwaleta kusini. Mwanahistoria Lotte Hughes anakadiria kuwa watu wapatao 20,000 walihamishwa.

Wazee wa kaskazini, yaani wa Laikipia, mzee Legalishu akiwa mbele, hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani! Wakili wao alikuwa Alexander Morrison, na kesi ikaitwa ya Ole Njogo. Walisema waliokubali mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea, kwa hiyo ule wa 1904 bado una nguvu. Mwaka 1913 kesi ikatupwa, na rufani nayo ikakataliwa. Sababu? Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza; ni taifa la kigeni lililoandikiana naye mkataba, na mahakama ya nchi haiwezi kuusikiliza. Walipoamriwa kuhama walikuwa watu wa serikali. Walipodai haki wakawa wageni. Sijaona maelezo ya himaya yaliyo wazi kuliko hukumu hiyo, na inaniuma kwamba watoto wetu hawaijui.

Baadaye zikaja ranchi za makundi kwa sheria ya 1968, kisha hati za mtu mmoja mmoja, kisha ploti. Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi, na wengine wakaingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia. Polisi wakawaondoa. Mzee mmoja alipigwa risasi akafa.