Pumzi Nayo Ina Kipimo

Mtu akipata homa huwekewa kipimajoto; mtoto akipelekwa kliniki huwekwa kwenye mizani. Je, ndugu msomaji, pumzi hupimwa kwa nini? Kwetu Izimbya swali hili si la mzaha. Mama zetu huinamia mafiga yenye moshi wa kuni tangu usichana wao. Kahawa yetu ya robusta hukaushwa pamoja na ganda lake, nayo ikikobolewa vumbi hutanda. Mtu akianza kutweta anapopanda kilima, watu husema ni uzee.

Mwaka 1846 daktari Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza chombo alichokiita spairomita. Lilikuwa pipa la maji, na ndani yake chombo kingine kilichofudikizwa. Mtu alivuta pumzi hadi mwisho, akaipuliza kwenye mrija, na chombo kikapanda. Hutchinson aliwapima watu zaidi ya 2,000, akaona kwamba kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo pumzi yake inavyokuwa nyingi. Lakini pipa lile halikuweza kumfuata mgonjwa kijijini.

Ilipita miaka zaidi ya 100 ndipo, mwaka 1959, Martin Wright na McKerrow wa Uingereza walipoeleza kipimo cha kushikwa mkononi, kinachoonyesha kasi kubwa kabisa ya pumzi itokayo. Baadaye kikatengenezwa kidogo zaidi, cha plastiki. Spairomita za mkononi za siku hizi huonyesha zaidi ya kasi. Hulinganisha pumzi inayotoka katika sekunde ya kwanza na pumzi yote. Ikiwa haifiki sehemu 70 katika kila 100, hiyo ni dalili kwamba njia za hewa zimebana.

Historia hiyo ina upande mchungu. Huko Marekani, katika karne ile ile ya Hutchinson, daktari Samuel Cartwright aliitumia spairomita kudai kuwa mapafu ya mtu mweusi ni dhaifu kwa maumbile, akalifanya hilo hoja ya kutetea utumwa. Utumwa ulikoma, hesabu ikabaki. Kwa miaka mingi vipimo vya mtu mweusi vililinganishwa na kiwango kilichopunguzwa, kwa hiyo mfanyakazi aliyeharibiwa mapafu na vumbi aliweza kuambiwa kuwa yu mzima. Ni mwaka 2023 tu ambapo chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilishauri hesabu isiyoangalia rangi itumike.

Nikiyatafakari haya, sioni kwamba tukikatae chombo. Mwaka 2011 Gloria Sakwari na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa viwanda vya kahawa vya Tanzania. Dalili za pumu zilikuwa nyingi zaidi kwao kuliko kwa wafanyakazi waliolinganishwa nao. Kabla ya kupimwa, kikohozi cha mkoboaji ni shauri lake mwenyewe na mkewe usiku. Kikishapimwa, mwajiri anaweza kuulizwa juu ya vumbi lake.

Kwa hiyo yatupasa kudai mawili kwa pamoja: kipimo kifike hadi zahanati zetu, na kiwango tunacholinganishwa nacho kiwe cha haki. Tukipata kimoja bila kingine, mkoboaji ataendelea kuambiwa kwamba ni uzee.