Chipu ya Kabambe Yako Ina Mzee Wake, na Bado Anatembea

Leo ni historia, lakini si ile ya kukariri ukingoja mtihani.

Shika simu yako. Iwe kabambe ya shosho ya kupokea M-Pesa akishauza mbuzi soko la Bisil, iwe yako yenye kioo kilichopasuka, karibu hakika ndani kuna prosesa ya ARM. Unadhani ARM ilianzia kwa simu? Zii. Ilianzia kwa watu waliotengeneza kompyuta za shule.

Mwaka 1981, kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, Uingereza, ilitoa BBC Micro, na shule nyingi za huko zikainunua. Baadaye Acorn ikatafuta chipu yenye nguvu zaidi, ikakosa ya kuiridhisha, ikaamua kuunda yake. Sophie Wilson na Steve Furber wakaichora, na Aprili 1985 ya kwanza ikawashwa ikafanya kazi. Mwaka 1987 ikaingia kwenye kompyuta ya Archimedes, na 1989 mfumo endeshi wake ukapewa jina RISC OS.

Wakati huo memori ilikuwa ghali, kwa hivyo waliuandika kwa ubahili wa mtu anayehesabu bando. Mfumo mzima ulikaa ndani ya ROM. Unawasha, unaanza kazi.

Halafu mambo yakageuka. ARM ilikuwa imejitenga ikawa kampuni kivyake mwaka 1990, na 1997 chipu yake ikaingia kwenye Nokia 6110. Mwaka uliofuata, Acorn ikafunga kitengo chake cha kompyuta. Mtoto akatajirika, mzazi akaanguka, RISC OS ikabaki yatima.

Kawaida hadithi inaishia hapo. Kampuni ikifa, msimbo wake unazikwa nayo. Lakini mwaka 2006 ilianzishwa RISC OS Open, na msimbo ukaanza kutolewa kidogo kidogo ili watu wausome na kuurekebisha. Februari 2012 ikatoka Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kitambulisho, ikitumia ARM, kwa dola 35, kama shilingi 3,000 za wakati huo kabla ya ushuru na usafiri. Novemba mwaka huohuo, RISC OS ilikuwa inapatikana kwa Raspberry Pi. Wengi walioifikisha hapo walikuwa wapenzi tu, wakijitolea. Na 2018 ikapata leseni ya Apache: huria kabisa, hata ukitaka kuiweka ndani ya kitu unachouza.

Tusidanganyane lakini. Mzee ana magoti mabovu. RISC OS hutumia kiini kimoja tu hata prosesa ikiwa na vinne, na programu moja ikikataa kuachilia usukani, zingine zote zinangoja. Raspberry Pi 5 nayo haiwezi kuiendesha moja kwa moja, kwa sababu chipu yake haikubali tena mfumo endeshi wa biti 32. Ikiwa hakuna atakayeandika upya sehemu kubwa, kifaa cha bei nafuu kilichoiokoa ndicho kitakachoiacha.

Sasa hiyo inatuhusu nini sisi wa Kajiado? Sana. Sisi ndio tunanunua laptopu za ex-UK na simu ambazo aliyezitengeneza ashaacha kuzitumia masasisho. Kifaa hakijaharibika, ni kampuni imechoka nacho. Msimbo ukiwa umefungwa, huna la kufanya. Ukiwa wazi, mtu yeyote anaweza kuendelea pale walipoachia. Ndivyo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004: walitafsiri wenyewe kwa sababu leseni iliwaruhusu.

Kwa hivyo siku nyingine ukinunua kifaa, usiulize tu kina GB ngapi. Uliza pia: aliyekitengeneza akikiacha, nani ataruhusiwa kukirekebisha?