Kidau cha wino

Kidau cha wino ni chombo kidogo cha kioo, kauri, shaba au fedha ambamo mwandishi huchovya kalamu. Seti ya mezani huongeza sinia, kopo la unga wa kukaushia wino na mahali pa kusimamishia kalamu za unyoya. Seti mashuhuri sana ni ya fedha, aliyoifua Philip Syng mwaka 1752 kwa Bunge la Pennsylvania. Hutajwa kuwa ndiyo iliyotumika kutia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani na, mwaka 1787, Katiba. Imehifadhiwa Philadelphia. Kalamu za kujazwa wino ziliviondoa vidau mezani, vikabaki kwa wakusanyaji. Mnunuzi makini hutazama kwanza bawaba ya kifuniko, kisha kikombe cha ndani, kwani mara nyingi cha asili kimeshavunjika. Doa la wino mkavu liachwe, lisisuguliwe.