Mkono wa Idi

Mkono wa Idi ni zawadi ya fedha, nguo au chakula ambayo Waislamu wa mwambao wa Afrika Mashariki huwapa watoto, wazee, jamaa na wasiojiweza katika sikukuu zao mbili: Idi el-Fitri, tarehe 1 Mfungo Mosi (Shawwal) baada ya Ramadhani kwisha, na Idi el-Haji, tarehe 10 Mfungo Tatu (Dhulhija). Watoto wa Unguja huuita “sikukuu” tu. Mkono wa Idi ni hisani ya mtoaji. Haumwondolei mtu wajibu wa zaka ya fitri, wala si mgao wa nyama ya kuchinja, ambayo ina taratibu zake.

Fitri

Zaka ya fitri iliwekwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka uleule ilipofaradhishwa funga ya Ramadhani. Mwenye ziada ya chakula cha kumtosha yeye na watu wake usiku na mchana wa Idi hutoa pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu aliye chini ya ulezi wake, hata mtoto mchanga. Kwa mizani ya dukani, pishi ya mchele hukadiriwa kuwa kilo 2.5 hadi 3. Mwenye mke na watoto wanne, basi, hutoa pishi sita, kilo 15 au zaidi.

Waswahili wengi hufuata madhehebu ya Shafi, yanayotaka fitri itolewe katika chakula kikuu cha mahali, na mwambaoni chakula hicho ni mchele. Madhehebu ya Hanafi huruhusu kutoa thamani yake kwa fedha. Fitri inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala ya Idi, ili naye apike siku hiyo bila kupita akiomba.

Nyama ya kuchinja

Katika Idi el-Haji anayejiweza huchinja mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia. Ng'ombe mmoja huweza kuchangiwa na watu saba. Kuchinja huanza baada ya swala na huendelea hadi jua la tarehe 13 litue. Desturi iliyoenea ni kuigawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini.

Kutoa na kupokea mkono

Watu wakishatoka kuswali, watoto waliovishwa kanzu na magauni mapya hupita nyumba kwa nyumba. Mtoto huingia, hutoa shikamoo na kuubusu mkono wa mkubwa, na mkubwa humtilia sarafu au noti kiganjani. Fedha hizo huishia jioni viwanjani, kwenye bembea, aiskrimu, ubuyu na vitu vya kuchezea. Uwanja wa Mnazi Mmoja mjini Unguja na ule wa Tibirinzi mjini Chake Chake, Pemba, hujulikana kwa mikusanyiko hiyo, ambayo Zanzibar huendelea kwa siku kadhaa, tangu sikukuu mosi, sikukuu pili na kuendelea.

Watu wazima nao hupeana. Mume humnunulia mkewe doti ya kanga, na watoto humpelekea mama yao. Anayenunua kanga hutazama pindo na mji (sehemu ya katikati), kisha husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Kanga yenye fumbo la kumsuta mtu haipelekwi kwa mkwe, hata iwe nzuri vipi. Wanaume hupewa kanzu, vikoi au kofia za viua zilizodariziwa kwa mkono. Maduka ya Darajani mjini Unguja, Kariakoo ya Dar es Salaam na Mtaa wa Biashara wa Mombasa hufurika wanunuzi katika kumi la mwisho la Ramadhani.

Mkono wa Idi una sura ya kiserikali pia. Rais wa Tanzania hupeleka mchele, mafuta ya kupikia na mbuzi katika vituo vya kulelea yatima na makazi ya wazee.

Nyumba na vyakula

Nyumba huandaliwa kwa ajili ya wageni, kwa kuwa mlango hushinda wazi. Kuta hupakwa chokaa au rangi, mapazia na foronya hubadilishwa, na mazulia na mikeka hutolewa nje ikakung'utwa. Asubuhi ya Idi, makaa hutiwa katika chetezo na juu yake udi, ambao vipande vyake huwa vimepikwa kwa sukari na manukato. Nguo hufukizwa kwanza, kisha vyumba. Wanawake hujipamba kwa vikuba vya asumini na mrihani.

Tambi za sukari huliwa asubuhi, pilau au biriani mchana. Halua, ambayo asili yake ni Oman, hupikwa kwa wanga, sukari, samli, iliki na zafarani. Hukorogwa kwa mwiko mrefu kwa saa kadhaa hadi ivutike, na huliwa pamoja na kahawa chungu. Sahani zilizofunikwa kawa hupelekwa kwa majirani, wakiwamo Wakristo, na ni aibu kurudisha chombo kitupu. Aliyepelekewa pilau siku ya Idi hurudishia chakula cha Krismasi au Pasaka.

Mabadiliko

Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mkono wa Idi hutumwa pia kwa simu, hasa na walio mbali na kwao. Fitri haikuhamia huko kwa urahisi. Wafuasi wa Shafi wanaotuma fedha huzituma kwa mtu wa kuwawakilisha, naye hununua mchele na kuufikisha kwa maskini kabla ya swala. Gharama za mapambo, nguo na mapishi hulalamikiwa kila mwaka. Jibu la masheikh halibadiliki: pazia jipya si sharti la Idi, na anayeshindwa kulinunua hana deni, lakini aliye na uwezo wa fitri asipoitoa, analo.