Mahakama ya Vuga na Mitaa Inayoizunguka

Mgeni anayepita Vuga, mjini Zanzibar, huenda akaidhania Mahakama Kuu kuwa kasri la sultani. Ina kuba na matao ya Kiarabu, lakini aliyeichora ni Mwingereza, John Houston Sinclair, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alipanda cheo hadi kuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza. Jengo lilianzwa mwaka 1904, likamalizika 1908. Serikali ilitaka mamlaka mapya yaonekane ya kienyeji, na mitaa ya jirani ndiyo inayoonyesha ni nani aliyenufaika na mamlaka hayo.

Kabla ya hapo hukumu zilikuwa mikononi mwa makadhi, wa Kiibadhi na wa Kisunni. Walikuwa wanazuoni wenye sifa pwani nzima: Sheikh Abdulaziz al-Amawy aliyetokea Barawa, na Sheikh Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija. Wageni wa Kizungu walishtakiwa mbele ya makonseli wao. Uingereza ilipoifanya Zanzibar himaya yake mwaka 1890, mizani ilianza kuelemea upande mmoja. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zake zililipiga mizinga kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, kwa muda usiofika saa moja, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti cha usultani.

Athari ya mabadiliko hayo ilionekana upesi katika suala la utumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere akajenga kanisa mahali pale pale. Hata hivyo watu waliendelea kumilikiwa. Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na fidia akalipwa bwana wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909.

Vuga yenyewe ikawa mtaa wa dola. Karibu na mahakama kuna bustani iliyopewa jina la Malkia Victoria, na ukumbi wake ukawa baraza la kutunga sheria tangu 1926. Upande wa Mnazi Mmoja Sinclair alichora Beit el Amani, jumba la makumbusho lililokamilika 1925. Sheria nyingi zilizotumika mahakamani ziliazimwa kutoka India, na kwa miaka ya mwanzo rufaa zilivuka bahari hadi Bombay.

Aliyevuka uwanja wa Mnazi Mmoja na hori la Darajani alifika Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, mafundi na wengi waliotoka utumwani. Huko mtu alijenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, akailipia kodi. Mwaka 1928 wapangaji waligoma kulipa, nao wakajikuta kizimbani. Siti binti Saad, mwimbaji wa Ng'ambo, alikuwa sauti ya watu hao. Wimbo wake "Kijiti" ulisimulia mauaji ambayo mtuhumiwa alitoroka, huku wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakifungwa. Yaliyoamuliwa Vuga yalihukumiwa upya kwenye ngoma za Ng'ambo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza mpangilio huo, lakini mwananchi hakupata wakili kwa sababu hiyo. Mahakama za Wananchi zilizofuata hazikuruhusu mawakili, na katika kesi ya uhaini iliyoanza 1973, baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume, washtakiwa hawakuwa na mtetezi wao. Leo mahakama za kadhi bado zinaamua ndoa, talaka na mirathi, na Mahakama Kuu imejengewa makao mapya Tunguu.

Mji Mkongwe, ambamo Vuga imo, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kuporomoka kwa sehemu ya jumba la Beit al Ajaib Desemba 2020 kuliwakumbusha watu kwamba mawe na chokaa hudai matunzo. Majalada ya kesi yanadai matunzo hayo hayo. Kuba za Sinclair zinaeleza jinsi dola ilivyotaka kuonekana; maombi ya watumwa, madai ya kodi na ushahidi wa wanawake wa Ng'ambo vinaeleza jinsi ilivyotawala.