Muuzaji wa Nyumba Anaponyamaza

Leo tutoke mjini kidogo twende Manyovu, kule milimani mpakani na Burundi. Wengi tuliizoea ikiwa Kasulu, lakini tangu 2012 iko Wilaya ya Buhigwe. Kuna swali linanisumbua: mtu akiuza nyumba yake, analazimika kumwambia nini mnunuzi?

Enzi za utawala wa Heru swali hili lisingekuwa na maana kubwa. Ardhi ilisimamiwa na mwami na watwale wake, na jirani alijua mpaka wa jirani. Siri ungeificha wapi? Mwami Theresa Ntare alikuwa bado kitini miaka ya hamsini. Mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma, 1972. Watu wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wakagawiwa viwanja ambavyo pengine jana yake vilikuwa mashamba ya wengine. Mashahidi wa zamani wakatawanyika. Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, 1999, lilibidi liseme wazi kwamba ugawaji wa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni halali, hata ule uliofanyika kinyume cha sheria! Kwa hiyo nyumba nyingi vijijini zina historia ambayo haionekani ukutani.

Je, muuzaji aisimulie? Sheria ya Mikataba, ambayo chimbuko lake ni India ya wakoloni, inasema kunyamaza peke yake si ulaghai, mpaka pawe na wajibu wa kusema. Kuficha kwa makusudi ndiko ulaghai. Yaani ufa ulio wazi ni juu ya macho yako mnunuzi. Ufa uliozibwa kwa chokaa ili usiuone ni kesi.

Yapo mambo mawili yasiyofichika. La kwanza ni mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaongeza kuwa mnunuzi ana wajibu wa kuuliza, na muuzaji akidanganya, mwenzi aliyerukwa anaweza kuuvunja uuzaji huo. La pili ni halmashauri ya kijiji. Mahakama zetu zimeshasema kuwa ardhi ya kijiji ikiuzwa bila idhini yake, mauziano ni batili.

Mimi naona hapa ndipo mzigo ulipohama. Zamani kijiji kizima kilisema kwa niaba ya muuzaji. Leo sheria inamwachia mnunuzi aulize, na wengi wetu tunaona aibu kumuuliza mzee wa watu, "Mama naye amekubali?" Tunahesabu noti, tunaandikiana karatasi, basi. Anayekuja kulia ni mjane na watoto wake, au mnunuzi aliyemaliza akiba yake yote.

Wewe ungeuliza, au ungeona haya?